UZI: Kazi za utafiti za kulipwa na wahadhiri wetu – fuata ruzuku (Maseno, Kakamega, Bondo, Njoro)

Hojaji_Moto (mwenye uzi)

Makomredi, hamjambo.

Kila muhula ukianza, swali ni lile lile kwenye makundi ya WhatsApp: nani anamjua mhadhiri anayetafuta msaidizi wa utafiti, na analipa? Halafu kimya, au mtu anatupia kiungo cha tangazo lililopitwa na wakati. Mimi niko Maseno, mwaka wa nne, na kazi hizi zimenilipia kodi ya chumba Nyawita tangu mwaka wa pili, mkopo wa HELB uchelewe usichelewe. Nimeamua kuandika yote mahali pamoja nipumzike kujibu mmoja mmoja.

Tuelewane kwanza. Mhadhiri hana pesa ya kukulipa. Mwenye pesa ni mradi. Mhadhiri aliyepata ruzuku ana bajeti iliyopitishwa na mfadhili, na ndani yake kuna fungu la wasaidizi: watu wangapi, siku ngapi, kiwango cha siku, nauli. Fungu hilo haliruhusiwi kununua viti vya ofisini. Lisipotumika hadi mradi ukafungwa, linarudi lilikotoka. Kwa hiyo mwenye ruzuku anakuhitaji wewe kama unavyomhitaji yeye. Asiye na ruzuku, hata awe mwema vipi, atakupa "uzoefu" na mandazi mawili.

Utamjuaje mwenye ruzuku? Ingia Google Scholar, andika jina la mhadhiri, fungua makala yake ya karibuni, kisha ruka yote uende mwisho, kabla tu ya orodha ya marejeo. Pale kuna aya fupi ya ufadhili ambayo wanafunzi hatuisomi kamwe. Inamtaja aliyelipia kazi, na mara nyingi namba ya ruzuku. Inaweza kuwa mfuko wetu wa taifa, NRF, ulioundwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, au mfadhili wa Ulaya au Marekani. Chukua namba hiyo uitafute kwenye tovuti ya mfadhili. Wengi wao wanaweka tarehe ya mradi kuanza na kuisha. Mradi wa miaka mitatu ulioanza juzi bado una safari za uwandani. Ule unaokaribia kufungwa umebakiza uchambuzi na uandishi, na hapo wanamtaka mtu wa programu za takwimu, Stata au R. Wa kutembea kwa miguu wameshamalizana naye. Ukikuta imeandikwa kwamba mwandishi hakupata ufadhili wowote, mwache apumzike, nenda kwa mwingine.

Usiishie kwa maprofesa. Mwanafunzi wa uzamifu aliye ndani ya mradi mkubwa ndiye anayehangaika kutafuta watu wa kumsaidia, na ndiye wa kwanza kujua nafasi zinafunguka lini.

Sisi wa huku Magharibi tuna bahati ambayo hatuitumii. Kutoka Maseno hadi taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pale Kisian ni barabara moja hiyo hiyo ya Busia. KMFRI wako Kisumu na mambo ya ziwa na samaki, KALRO wako Kibos kwa miwa na Kakamega kwa mengineyo, icipe wako Mbita na utafiti wa wadudu. Wahadhiri wetu wengi wana miradi ya ubia na hawa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Kombewa na Siaya kabla ya kuanza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019 katika kaunti za huku kwetu, na kazi kama ile haifanywi na madaktari peke yao. Kuna watu walioandika majina, waliofuata watoto nyumbani, walioingiza data usiku.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

Mtoto_wa_Mumias

Maneno matamu haya. Ukweli ni kwamba kazi hizi ni za mpwa wa prof, mtoto wa dada ya prof, na yule msichana prof anayemsalimia kwa jina. Nimepeleka wasifu kwa milango mitano hapa Masinde Muliro. Hakuna hata aliyeniambia "nimepokea".

---

Chaki_na_Vumbi

Nafundisha katika mojawapo ya vyuo mlivyovitaja, kipi, nitakiacha. Ndugu wa Mumias, upendeleo upo, sitabisha. Ila wasifu unaosukumwa chini ya mlango hausomwi na mtu. Nikifika asubuhi naukuta na alama ya kiatu cha mtu wa usafi, nauweka juu ya mafaili mengine, na hapo ndipo unapolala. Nikipata mradi wa mafuriko ya Nyando sina muda wa kusaili watu hamsini. Namkumbuka aliyeleta kazi ya darasa kwa wakati na majedwali yake yana vichwa. Namkumbuka aliyesema "hapa sijaelewa" badala ya kunakili kwa jirani. Tena naangalia lugha. Kama hojaji ni ya Bungoma, anayezungumza Kibukusu vizuri anampita mwenye alama za juu anayejua Kiingereza na Kiswahili tu. Mmoja wa wasaidizi wangu bora alikuwa na wastani wa C, lakini akiingia kwa mtu, hadi mama mwenye nyumba anamletea kiti.

Mwenye uzi amesema kweli kuhusu bajeti, ila kuna kipande amekiacha, nacho ndicho kinacholeta magomvi: njia inayopita pesa. Ruzuku haiingii kwenye M-Pesa yangu. Inaingia akaunti ya chuo. Nikitaka kwenda uwandani naomba masurufu, yaani napewa pesa kabla ya safari, zimeandikwa jina langu, na nisipozitolea hesabu nakatwa mshahara. Hesabu yenyewe ni karatasi: jina lako, namba ya kitambulisho, siku ulizofanya, kiasi, sahihi. Ndiyo maana mhadhiri anakukimbiza na kalamu kabla gari halijaondoka. Mvumilie. Lakini soma kiasi kilichoandikwa, na usitie sahihi kwenye orodha ambayo safu ya kiasi imeachwa wazi. Wanangu wa kuzaa nawaambia hivyo hivyo.

Njia ya pili ni chuo kukulipa chenyewe. Utaombwa nakala ya kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, akaunti ya benki yenye jina lako na barua niliyokuandikia ya kazi. Faili linapita idarani, kwenye kurugenzi ya utafiti, kwa wakaguzi, halafu fedha. Jina la benki likitofautiana na la kitambulisho kwa herufi moja, faili linarudi mwanzo, na mimi sina uwezo wa kulisukuma. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Kwa hiyo kabla ya kukubali, uliza: nitalipwa kwa masurufu au kupitia ofisi ya fedha? Mhadhiri anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Ukiona amekasirika, umepata jibu.

---

Nyar_Bondo

Hapo kwa sahihi umegonga penyewe, mwalimu.

Mimi niseme ya kunakili mahojiano, maana huko ndiko tunakoliwa wengi wa JOOUST (chuo cha hapa Bondo) na Maseno, kwa kuwa tunajua Kiluo. Unapewa faili za sauti, usikilize Kiluo, uandike Kiingereza. Unaambiwa "ni faili kumi tu". Sasa fungua faili lenyewe. Ni kikundi cha kina mama wauza omena, wako wanane, wote wanaongea kwa mpigo, mmoja amekaa mbali na kinasa sauti, pikipiki inapita, mtoto analia, na mwenye kuuliza maswali amesahau kuwapa namba kwa hiyo hujui nani kasema nini. Saa moja ya sauti hiyo ilinimalizia siku nzima, na bado kuna sehemu nilizorudia hadi majirani wakajua hadithi yote. Ukikubali bei ya faili umekwisha. Dai bei ya dakika ya sauti, na uombe kusikiliza faili moja kabla ya kukubali. Mahojiano ya mtu mmoja chumbani na ya kikundi sokoni hayawezi kuwa bei moja.

La pili. Kuna mhadhiri, simtaji wala chuo chake, aliyegawia darasa zima hojaji tukusanye kama "zoezi la kozi". Nauli yetu, kredo yetu. Tukapewa alama. Baadaye nikaiona data ile ile kwenye makala yake, na kwenye shukrani ametajwa dereva. Sisi hatumo.

---

Mchumi_wa_Luanda

😂😂 Dereva angalau alikuwa na gari.

Swali kwa wote: kufanya bure kwanza ili ujulikane, ndiyo au hapana? Kuna watu wanasema ndiyo njia pekee.

---

Hojaji_Moto

Nasema hapana, kwa sababu niliyoitoa hapo juu. Kama kuna fungu la wasaidizi, ukifanya bure hujamsaidia mtu; umemfanya aanze kutafuta risiti za kuziba pengo. Kama hakuna fungu, basi hata ukifanya bure miaka miwili hakuna mlango unaofunguka, maana nyuma ya mlango hakuna chumba.

---

Chaki_na_Vumbi

Umelikata mno, kijana. Kuna kipindi cha kuandika ombi la ruzuku, kabla pesa haijaja, ambapo nahitaji mtu wa kunisaidia kusoma machapisho na kupanga marejeo. Sina senti ya kumlipa. Nikiipata ruzuku, huyo ndiye jina la kwanza kwenye bajeti. Nikikosa, tumekosa wote. Naona hilo ni halali mradi nilimwambia mapema na ni kazi ya saa chache kwa wiki. Kutembea na hojaji kijijini bure, hapo nakubaliana nawe, hapana.

---

Nyar_Bondo

"Huyo ndiye jina la kwanza kwenye bajeti." Mwalimu, weka hilo kwenye barua pepe basi, kwa sababu ruzuku zikija wahadhiri wengine husahau haraka sana.

---

Chaki_na_Vumbi

Haki yako. Iwekwe kwenye barua pepe.

---

Ngano_Njoro

Salamu kutoka Egerton. Naona watu wa Kisumu mnadhani utafiti ni hojaji tu. Huku Njokerio wengi wetu tunaishi kwa kazi za shambani. Ile kutu ya shina ya ngano iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo iliyoifanya Njoro ijulikane duniani. KALRO wana mashamba ya majaribio ambako mbegu za ngano kutoka nchi nyingi huletwa zikutane na ugonjwa wenyewe. Wahadhiri wetu wa kilimo wana vijishamba vyao vya majaribio pia.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaingia asubuhi umande ukiwa bado uko, na daftari lenye mistari ya namba za vipande. Unainama, unashika shina, unakadiria ni asilimia ngapi ya shina imefunikwa na kutu, kutoka 0 hadi 100, kisha unaandika herufi ya namna mmea ulivyoitikia: R kwa unaostahimili, S kwa uliozidiwa, na za katikati MR na MS. Wiki inayofuata unarudi kwenye vipande vile vile. Suruali inakuwa rangi ya matofali. Ikifika wakati wa punje kukomaa, kazi inageuka kufukuza ndege, na hiyo usiidharau: ndege wakila kipande kimoja, msimu mzima wa data wa mbegu ile umeenda.

Faida ya kazi hizi ni kwamba hazina faili la kuzunguka ofisi sita. Unalipwa kwa siku kama vibarua wengine wa shamba. Hasara ni hiyo hiyo: unalipwa kama kibarua, hata kama wewe ndiye unayejua kusoma kutu na mwenzako anapalilia. Mimi nilimwendea msimamizi wetu na daftari langu, nikamwonyesha kwamba makadirio yangu na yake hayapishani, nikaomba kiwango kingine. Nikapewa. Kiasi si cha kujivunia hapa, lakini kilipanda.

Kwa wenzetu wa Mbita na Siaya, najua kuna kazi kama hizi kwenye mashamba ya mahindi yenye kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, kule wanakopanda desmodium katikati ya mahindi.

---

Mkaguzi_wa_Nyuma

Nilimaliza chuo zamani kidogo, sasa nasimamia timu za uwandani kati ya Busia, Siaya na Kakamega. Naomba niwaeleze mnavyoonekana kutoka upande wa pili.

Wazee wa kazi hii wanaukumbuka utafiti wa dawa za minyoo ulioanza Busia 1998, shule 75. Michael Kremer aliyeuanzisha na mwenzake Edward Miguel alikuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Banerjee na Duflo, kwa kazi za majaribio ya namna hiyo. Watoto wale wamefuatiliwa hadi wakawa watu wazima. Utamfuatilia vipi mtu aliyehama Funyula akaolewa Malaba kisha akahamia Nairobi kutafuta kazi? Ni kijana wa Busia aliyeuliza kwa shangazi, akaelekezwa kwa kinyozi. Kazi hiyo haifundishwi darasani.

Sasa kuhusu kupika data. Najua mnapika, wengine wenu. Siku hizi hojaji iko kwenye simu, ODK au KoboToolbox au SurveyCTO, na kila fomu inabeba saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali GPS iliponaswa. Mahojiano ya dakika 50 yakiisha kwa dakika 9, nayaona jioni ile ile. Fomu sita kutoka nyumba sita, zote GPS yake iko kwenye kibanda kimoja cha chai, nazo naziona. Halafu namtuma mtu mwingine arudi kwa baadhi ya waliohojiwa awaulize mambo yasiyobadilika: watoto wangapi, paa ni la bati au nyasi, maji mnachota wapi. Mwaka fulani kijana aliandika kwamba mzee ana ng'ombe wanne. Mkaguzi aliporudi akakuta mzee alishazikwa msimu uliopita. Kijana yule alikuwa mzuri kwa takwimu kuliko mimi. Hatukumwita tena, na msimamizi mwenzangu aliponipigia kuniuliza habari zake nilimwambia kilichotokea.

Simwambii mtu asichoke. Ukichoka sema. Nyumba nne za kweli ni afadhali kuliko nane za kibandani.

Na mambo ya adabu za kuingia kwa watu. Usimwendee mtu kabla mradi haujapita kwa kamati ya maadili na kupata leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Beba nakala. Naibu wa chifu ataiomba, na asipoiona siku imekufa. Mtafute mzee wa kijiji, kwa Waluhya mtasikia akiitwa liguru, akutangulie. Watu wamechoka kuulizwa maswali, na uvumi unatembea kuliko gari: Homa Bay kuna vijiji ambako watu wengi walikataa hadi pesa za bure za shirika la GiveDirectly kwa kuzishuku zimetoka wapi. Wewe unayekuja na maswali bila pesa, jiulize unashukiwa nini. Soma fomu ya ridhaa polepole kwa lugha ya mwenyewe, na akisema hapana, shukuru uende. Majina na namba za simu za watu hazitoki kwenye kifaa cha mradi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitanii, na bado kuna watu wanapiga picha hojaji iliyojazwa na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp wakiuliza "hapa nijaze nini?"

---

Fresha_wa_Kibabii

Asante wakubwa. Mimi mwaka wa kwanza, sina wastani bado, sijui Stata, sijui chochote. Nianzie wapi?

---

Mkaguzi_wa_Nyuma

Fungua akaunti ya KoboToolbox leo, hailipiwi. Tengeneza hojaji ndogo ya maswali kumi na tano kuhusu bei za vyakula hapo Bungoma mjini, weka maswali yanayojiruka yenyewe kulingana na jibu, jaza kwa simu ukiwa umezima bando, kisha tuma ukirudi kwenye mtandao. Ukikutana na mtafiti mwambie umetengeneza hojaji, mwonyeshe kwenye simu. Ongeza cheti cha maadili ya utafiti; TRREE wanafundisha mtandaoni bila malipo. Excel ijue kisawasawa. Stata itakuja.

---

Nyar_Bondo

Na kwa wasichana. Uliza tunaenda wangapi na tunalala wapi. Kama jibu ni "mimi na wewe, na tutaona huko mbele", kazi hiyo haipo. Mradi halisi una orodha ya timu na bajeti ya malazi, vyumba tofauti. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inamtaja wazi mwenye mamlaka anayetumia cheo chake kumsumbua mtu kingono, na mhadhiri anayekusahihishia mtihani ni mwenye mamlaka. Mpe mtu wako wa chumbani jina la kijiji mnachokwenda na namba ya msimamizi kabla ya kuondoka. Hata mkienda na mhadhiri mwanamke.

---

Wakili_Mtarajiwa

Nasoma sheria Kabarak, na nimepita kimyakimya muda wote, lakini hapa pa makubaliano mmepapuuza.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kazi nyingi za utafiti ni fupi kuliko hapo, kwa hiyo wengi hawatakupa mkataba, na hawajavunja sheria. Jiandikie mwenyewe. Baada ya mazungumzo ofisini tuma barua pepe siku hiyo hiyo: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba nitafanya kazi siku kadhaa kuanzia tarehe fulani, kwa kiwango fulani kwa siku, nauli na chakula vikiwa juu ya mradi, malipo yakitoka ndani ya muda fulani. Kama nimekosea tafadhali nisahihishe." Asipojibu, una maandishi. Akijibu "sawa", una zaidi.

Pia uliza kama mradi umewawekea bima. Wengi wenu mnapandishwa bodaboda watatu kwenye barabara za matope na hamjawahi kuuliza nani atalipa hospitali. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima. Wakikuita mshauri badala ya mwajiriwa, basi hiyo bima huenda haikuhusu, na ndiyo sababu inafaa kujua wamekuita nini.

Wakikuita mshauri, kuna kodi. Malipo ya ushauri yanayofika 24,000 kwa mwezi yanakatwa asilimia 5 kabla hayajakufikia. Mradi ukikukata, dai cheti chake. Kinaonekana kwenye mtandao wa KRA, iTax, kwa PIN yako. Ukishapata pesa hizo usiwasilishe ripoti ya kodi ya sufuri mwaka huo ukidhani ni kama miaka ya nyuma. Mwisho ni Juni 30, na ukichelewa faini ya mtu binafsi inaanzia 2,000.

---

Mtoto_wa_Mumias

Sikujua hata sufuri inawasilishwa.

---

Wakili_Mtarajiwa

Inawasilishwa, ndugu. Ukiwa na PIN uliyotoa kwa ajili ya HELB, nawe uko kwenye orodha.

---

Mchumi_wa_Luanda

Mwalimu Chaki, swali la mwisho kuhusu jina kwenye makala. Nikikusanya data yote, si nistahili kuwa mwandishi?

---

Chaki_na_Vumbi

Kukusanya peke yake, kwa kanuni zinazofuatwa na majarida mengi ya tiba, zile za ICMJE, hakutoshi. Mwandishi ni aliyechangia kwa kiasi kikubwa wazo, au data, au uchambuzi, NA akashiriki kuandika au kurekebisha maandishi, NA akaidhinisha toleo la mwisho, NA akakubali kuwajibika kwa kazi yote. Zote nne. Msaidizi aliyeishia kwenye hojaji anatajwa kwenye shukrani, kwa jina, si "wasaidizi wetu". Lakini kanuni hizo hizo zinasema asinyimwe nafasi ya kushiriki hatua zilizobaki. Kwa hiyo ukiitaka, iombe mapema: naomba nishiriki kuandika sehemu ya mbinu. Wewe ndiye unayejua ni kwa nini nyumba za kijiji kile hazikufikiwa. Mimi nilikuwa kwenye mkutano wa idara.

---

Mchumi_wa_Luanda

Nimeandika barua yangu ya kwanza. Ikosoeni kabla sijatuma:

"Kwa Profesa mheshimiwa sana, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, mchapakazi na mwenye ari ya kujifunza. Ningependa kupata nafasi yoyote ya utafiti katika mradi wako wowote. Nimeambatisha wasifu, vyeti vyangu vya KCSE na cheti cha kuzaliwa."

---

Hojaji_Moto

Cheti cha kuzaliwa, komredi? 😂

Toa "mheshimiwa sana", "bidii" na "ari". Toa "yoyote" zote mbili. Anza na makala yake uliyoisoma: taja jambo moja ndani yake lililokufanya uandike. Sentensi ya pili, sema umeona mradi fulani unaendelea hadi mwaka fulani na kwamba utakuwa huru tarehe hizi hadi hizi, kwa sababu akijua tarehe zako anaweza kukupanga. Ya tatu, unachoweza kufanya kesho asubuhi: Kinyore na Kiluo, Kobo, Stata kiasi. Ya nne, uliza kama mradi una nafasi ya msaidizi wa kulipwa. Liandike hilo neno "kulipwa" lilivyo, mapema, ili msipotezeane muda. Wasifu wa ukurasa mmoja, PDF, jina la faili liwe jina lako. Usiite "wasifu mpya wa mwisho 3".

Itume Jumanne au Jumatano asubuhi. Wiki moja ikipita kimya, nenda ofisini kwake saa zile alizobandika mlangoni, na useme ni wewe uliyeandika kuhusu ile makala.

---

Mchumi_wa_Luanda

Yule wa uchumi wa kilimo makala yake ya mwisho imeandika ufadhili hadi Desemba mwaka ujao. Narekebisha sasa hivi. Kinyore niandike "ufasaha" au "naongea"?

---

Chaki_na_Vumbi

Andika "naongea nyumbani". Ufasaha tutauona Emuhaya, kwa Wanyore wenyewe.